Kitulo: bustani ambayo nusu yake imo chini ya udongo

Barabara inayoacha njia kuu ya Dar es Salaam na Mbeya pale Chimala, ikapanda kwenda Matamba wilayani Makete, wenyeji huiita Hamsini na Saba, kwa hesabu ya kona zake. Chini yake kumelala tambarare ya Usangu yenye joto, vumbi na majaruba ya mpunga. Juu yake, kona zikishakwisha na mwendo mwingine wa kupanda ukishamalizika, msafiri aliyeondoka na shati jepesi huanza kuulizia koti lake. Huko, kwenye kimo cha takribani mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, nchi hufunguka ghafla ikawa uwanda mpana wa majani unaopanda na kushuka taratibu, umezingirwa na milima ya Kipengere, Poroto na Livingstone, na kukatwa na mabonde yenye vijito vya maji baridi. Mvua zikishakolea, kuanzia Desemba hadi Aprili, uwanda huo hugeuka rangi: manjano, zambarau, nyeupe, na wekundu wa moto. Hapo ndipo Kitulo.

Mahali hapa pana majina mengi, na kila jina limebeba fikra ya aliyelitoa. Wenyeji hupaita Bustani ya Mungu. Wataalamu wa mimea wamepaita Serengeti ya Maua. Katika ramani za zamani za wakoloni uliandikwa uwanda wa Elton, kwa jina la James Frederic Elton, konseli wa Uingereza nchini Msumbiji, ambaye alipita huku mwaka 1877 akitokea kaskazini ya Ziwa Nyasa kuelekea pwani. Hakufika, kwani alifariki Ugogo mwezi Desemba mwaka huohuo. Jina lake lilidumu kwenye karatasi kuliko kwenye vinywa vya watu. Kwa maoni yangu, hata jina la Serengeti lina kasoro yake, kwa sababu humfanya mgeni apekue upeo wa macho akitafuta nyumbu, ilhali kinachostahili kutazamwa kiko kwenye kifundo cha mguu wake. Jina la bustani liko karibu zaidi na ukweli, ila lazua swali ambalo wanaolitamka ni nadra kuliuliza: bustani huwa na mtunzaji, je, hii imetunzwa na nini hata ikawa hivi ilivyo?

Jibu la kwanza ni ardhi na baridi. Kitulo ni jirani ya mlima Rungwe na volkano nyingine za eneo hilo, na udongo wake ni wa asili ya volkano: mweusi, mwepesi, unaopitisha maji upesi. Vilele vinavyouzunguka uwanda vinakaribia mita 3,000. Mtorwi una mita 2,961 na Chaluhangi mita 2,933. Kwa kimo hicho, miezi ya Juni hadi Agosti ina ukungu na baridi kali, na usiku ulio wazi huacha sakitu juu ya majani, nyeupe kama chumvi iliyomwagwa, ambayo jua la asubuhi huiyeyusha. Mche wa mti unaoota sehemu iliyo wazi hukutana na sakitu ukiwa bado mlaini. Ndiyo maana miti ya asili hapa hujificha: mireteni imejikusanya katika bonde la Numbe, na msitu mnene umeshika miteremko ya milima ya Livingstone, huku mgongo wa uwanda ukiachiwa nyasi.

Jibu la pili ni moto. Kila kiangazi majani hukauka, na moto hupita, ama umewashwa na radi, ama, mara nyingi zaidi, na binadamu anayetaka majani mabichi kwa mifugo yake. Hapa ndipo mjadala wa Kitulo hukorogeka, kwa kuwa wapo wanaouona moto kuwa adui mtupu na wapo wanaouona kuwa desturi isiyo na madhara. Yote mawili ni nusu ya habari. Moto unaopita mapema, majani yakiwa bado na unyevu kidogo, huwaka kwa joto la chini, huondoa matabaka ya nyasi kuukuu yanayoziba mwanga, na huiacha mimea iliyolala ardhini salama kabisa. Moto kichaa wa mwisho wa kiangazi ni habari nyingine: huwaka kwa nguvu, huingia pembezoni mwa msitu, na hukuta vichipukizi vya kwanza vimekwisha kutoka. Kiberiti ni kilekile. Kinachotofautisha neema na hasara ni mwezi kilipowashwa.

Wapo pia wanaodai kwamba uwanda huu ulikuwa msitu uliofyekwa zamani na watu, na kwamba nyasi ni kovu la uharibifu. Sidhani dai hilo linasimama. Majani yanayotokea baada ya msitu kufyekwa huwa na mimea ya kawaida ile inayoota popote penye nafasi. Kitulo ina zaidi ya aina 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi, jamii kubwa ya mimea ya maua, zinazoota ardhini, na baadhi yake hazionekani popote pengine duniani ila hapa na kwenye milima ya jirani. Mimea ya namna hiyo haizuki katika karne chache. Ilihitaji nyasi zilizodumu muda mrefu sana ili ijifunze kuishi humo.

Na namna inavyoishi ndiyo kiini cha habari yote. Mtu akitazama ua la nipofia, lile linalosimama kama mwenge, jekundu juu na la manjano chini, au okidi ya jamii ya Disa yenye rangi ya waridi, huona sehemu ndogo tu ya mmea, tena ile inayodumu muda mfupi. Sehemu kubwa ya maisha ya mmea hupita gizani. Sakitu ikiingia, shina na majani hufa na kupotea, na kinachobaki ni mzizi mnene, kitunguu au kiazi kilichohifadhi chakula cha msimu ujao, kikiwa kimefunikwa na udongo ambao baridi na moto haviufikii. Mvua za Novemba zikianza, akiba hiyo husukuma shina juu kwa haraka, kabla ya nyasi hazijarefuka na kulifunika. Ndiyo sababu maua ya Kitulo huja kwa wingi na kwa pamoja: kila mmea una akiba yake tayari, na kila mmoja unashindana na majani.

Okidi za ardhini zina mpango wa ajabu zaidi. Ukiichimbua okidi ya jamii ya Satyrium wakati wa maua, mara nyingi utakuta viazi viwili vimekaa bega kwa bega. Kimoja ni cha mwaka uliopita: kimenywea, kimelegea, ngozi imekunjamana, kwa sababu chakula chake kimekwenda kwenye ua unalolitazama. Cha pili ni kipya, kigumu na cheupe kwa ndani, kinajazwa sasa hivi ili kizae ua la mwakani. Wagiriki wa kale waliviona viwili hivyo wakaviita kwa neno lenye maana ya korodani, nalo ndilo lililozaa neno okidi. Mchimbaji anayevitafuta viazi hivi ili viliwe hana haja na kile kilichonywea. Hutaka kile kigumu. Akikichukua, hakuchukua ua la mwaka huu, ambalo limekwisha kuchanua. Amechukua la mwakani na yote ambayo yangefuata.

Mbegu nazo haziwezi kuziba pengo upesi. Tumba moja la okidi lina maelfu ya mbegu, nyepesi kama unga, zinazopeperushwa na upepo, lakini hakuna hata moja iliyofungiwa chakula ndani yake kama ilivyo punje ya mahindi au ya maharage. Ili iote lazima ikutane udongoni na kuvu wa aina inayoifaa, ambaye ataipatia chakula mpaka iweze kujitegemea. Nyingi hazikutani naye. Zinazobahatika huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa ua la kwanza.

Watu walikuwako hapa kabla ya yeyote kuandika kuhusu maua haya. Wawanji na Wakinga wako upande wa Makete, Wasafwa upande wa Mbeya, na Wanyakyusa kwenye miteremko ya Rungwe. Kwao uwanda huu ulikuwa malisho, njia ya kupita, mahali pa kutafuta dawa na asali, na chanzo cha mito. Hilo la mito halipaswi kupitwa haraka. Maji yanayoshuka upande wa kaskazini huingia katika mfumo wa Ruaha Mkuu, yakapita mashamba ya mpunga ya Usangu, kinamasi cha Ihefu na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, kisha yakazungusha mitambo ya umeme ya Mtera na Kidatu. Yale ya kusini hushuka Ziwa Nyasa. Kwa hiyo nyasi za Kitulo, zinazofyonza mvua na ukungu na kuyaachia maji kidogo kidogo, zina kazi hata kwa mtu wa Dar es Salaam ambaye hajawahi kuona okidi.

Maua yenyewe yaliingia katika vitabu vya wataalamu kupitia Ujerumani. Mwishoni mwa karne ya 19 mkusanyaji Walter Goetze alizunguka milima ya Ukinga akikausha mimea, akafariki mwaka 1899 kabla ya kurudi kwao. Baada yake Adolf Stolz, wa misheni ya Moravian iliyokuwa Kyimbila karibu na Tukuyu, alituma Berlin vielelezo vingi mno hata mtaalamu wa okidi Rudolf Schlechter akaipa jamii nzima ya okidi jina la Stolzia. Majina mengine yalibeba mahali: kuna Disa ukingensis na Pterygodium ukingense, na yeyote anayejua Kiswahili hulisikia neno Ukinga likiwa limevikwa Kilatini. Mwezi Machi mwaka 1943 mabomu yalichoma hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Berlin, na sehemu kubwa ya vielelezo hivyo ikateketea, isipokuwa nakala zilizokuwa zimepelekwa miji mingine. Mimea yenyewe, wakati huohuo, ilikuwa inaendelea kuchanua kila Desemba juu ya Matamba, haina habari.

Karne ya 20 ilileta jembe na uzio. Pareto na viazi mviringo vilipata hali ya hewa iliyovifaa, na hadi leo viazi vya Makete vinasafirishwa mbali. Serikali ilianzisha shamba la mifugo la Kitulo, ambako ng'ombe wa maziwa wa Friesian, wenye mabaka meusi na meupe, hulishwa kwenye baridi inayofanana na ya kwao walikotoka. Mapande ya nyasi yaligeuka mashamba na malisho, na kwingine ikapandwa miti ya kigeni ambayo haikuwahi kuwa na nafasi hapa. Hayo yote yaliupunguza uwanda, ila polepole na kwa mipaka inayoonekana kwa macho. Kilichokuja baadaye kilikuwa na kasi tofauti, nacho kilitokea ng'ambo ya mpaka.

Nchini Zambia kuna chakula kinachoitwa chikanda. Viazi vya okidi huanikwa mpaka vikauke, vikatwangwa kuwa unga, unga huo ukachanganywa na unga wa karanga, chumvi, pilipili na magadi kidogo ndani ya maji yanayochemka, ukasongwa mpaka mchanganyiko ushikane na kuwa mzito. Kisha sufuria hufunikwa na makaa ya moto kuwekwa juu ya kifuniko, ili uso wake uive na kukauka. Ukipoa hukatwa vipande kama keki, rangi ya kahawia, laini na wenye kunatanata kidogo mdomoni. Zamani kilikuwa chakula cha kaskazini mwa Zambia, hasa cha Wabemba, nacho kilitokana na okidi zilizochimbwa jirani na nyumbani. Watu walipohamia mijini walikwenda na hamu yao, na chikanda ikawa kitafunio cha sokoni Lusaka na kwingineko. Mahitaji yakapanda, mbuga za karibu zikamalizwa, na wafanyabiashara wakaelekeza macho kwenye Nyanda za Juu Kusini za Tanzania.

Kwa mkulima wa Makete au Njombe jambo hili lilikuja kama zawadi. Mazao yake ya viazi mviringo yalitegemea mbolea, usafiri na bei ya soko, lakini viazi vya okidi havikudai chochote ila jembe na mgongo. Ua ndilo lililomwonyesha mahali pa kuchimba. Magunia yalijazwa vijijini, yakashuka Mbeya, yakavuka Tunduma. Utafiti wa Tim Davenport na Henry Ndangalasi, uliochapishwa mwaka 2003, ulikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vinapelekwa Zambia kila mwaka, na kwamba hadi aina 85 za okidi zilikuwa hatarini. Rudi kwenye vile viazi viwili vilivyokaa bega kwa bega, ukumbuke kwamba kila kimoja kati ya mamilioni hayo ni mmea mmoja uliong'olewa, na nyingi za mbegu zake bado zilikuwa hazijaiva. Hapo tarakimu hizo hupata uzito wake. Sioni busara ya kumlaumu mchimbaji peke yake. Aliuza kitu ambacho katika jamii yake hakikuwa na thamani kubwa ya chakula, kwa mtu aliyefika na pesa mkononi, na hakuna aliyewahi kumweleza kwamba mbegu za ua lile haziwezi kupandwa kama alizeti.

Biashara hiyo ndiyo iliyoharakisha uamuzi ambao ulikuwa umezungumzwa na wahifadhi kwa muda. Mwaka 2002 Rais Benjamin Mkapa alitangaza nia ya kuifanya Kitulo hifadhi ya taifa, na mwaka 2005 ikapata hadhi hiyo kisheria, ikiwa na ukubwa wa kilomita za mraba 412.9 chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa. Ilikuwa hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea. Uzito wa jambo hilo huonekana ukikumbuka kwamba kwa miongo mingi hifadhi zetu zilipimwa kwa simba na tembo, na kwamba mapato ya utalii hufuata wanyama wakubwa.

Wanyama hata hivyo wapo, wengine wa thamani isiyopungua ya maua. Msitu wa Livingstone, ulioingizwa ndani ya mipaka ya hifadhi, ni makazi ya kipunji, tumbili wa kahawia mwenye shungi la nywele kichwani, ambaye wenyeji walikuwa na jina lake kabla ya wanasayansi hawajamtambua mwaka 2003 na kumwandika mwaka 2005. Mwaka 2006 aliwekwa katika jenasi yake mwenyewe, yaani kundi la kisayansi lisilo na mnyama mwingine. Kwenye nyasi huzaliana tandawala, ndege mkubwa wa kutembea, na mbayuwayu wa buluu, ambaye hujenga kiota chake ndani ya mashimo ya ardhini. Mbayuwayu huyo hukaa Kitulo msimu wa mvua, kisha huruka kwenda nyika za bonde la Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya, sakitu inapokaribia. Mbuga zake zikilimwa upande wowote wa safari hiyo, upande wa pili haumtoshi.

Sheria ya hifadhi imesaidia ndani ya mipaka. Uchimbaji umepigwa marufuku, kuna doria, na moto unaweza kupangwa badala ya kuachwa ufike kwa bahati. Okidi hizi zimo pia katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini, maana yake haziruhusiwi kuvuka mpaka wa nchi kibiashara bila kibali. Tatizo ni kwamba kiazi kilichokauka hakina sura ya ua. Afisa wa mpakani akifungua gunia huona vipande vya kahawia vilivyosinyaa, na hata mtaalamu wa mimea hawezi kutaja aina yake kwa kuvitazama; watafiti wamelazimika kutumia vipimo vya vinasaba kujua nini hasa kimo ndani ya chikanda inayouzwa sokoni. Isitoshe, okidi za Nyanda za Juu Kusini haziishii Kitulo. Nyingi ziko kwenye nyasi za vijiji, kwenye matuta yaliyosahauliwa na pembezoni mwa mashamba ya viazi, mahali ambapo hakuna askari wa hifadhi, na wanunuzi nao wamepanua safari zao hadi Malawi, Angola na Kongo.

Njia iliyo wazi zaidi ingekuwa kuzilima, ili mchimbaji awe mkulima. Majaribio ya kuotesha okidi hizo maabara, zikilishwa badala ya kutegemea kuvu, yamefanyika, ila mche mdogo kama ukucha unatakiwa utoke kwenye chupa, uzoee udongo, uvumilie misimu kadhaa ya baridi na kiangazi, ndipo uanze kuhifadhi kiazi kinachostahili kuchimbwa. Na mwisho wa yote bei yake ishindane na kile ambacho jirani amekichimba porini asubuhi moja. Mpaka sasa karibu chikanda yote inayoliwa bado hutokana na viazi vya porini.